Kaseti ya Mama na Condensateur za Dubai

Butembo, Bulengera
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu Véronique,

Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi. Kabla hujauliza: nakula, nalala, sijakonda, na lile koti la marehemu baba bado lina vifungo vyote isipokuwa kimoja. Sasa ni zamu yako. Magoti yanasemaje? Usiniandikie "tuko salama" tu kama kawaida yako, maana wewe hata ukiwa kitandani na malaria utasema tuko salama. Binti yako mkubwa, Yaya Georgette, amepunguza kelele? Paa la jikoni limezibwa, au bado mnapika huku mmoja ameshika mwavuli? Ukipata mtu wa kukuandikia, nijibu moja baada ya jingine, usiruke.

Barua hii inabebwa na yule sista aliyeniletea kaseti yako. Anapita Kampala, halafu sijui wapi, mpaka Lusaka, na kutoka huko anaingia Lubumbashi kwa mlango wa nyuma. Nchi ni moja, mama, lakini tangu vita vikate njia, mtu anayetaka kwenda chumba cha pili lazima atoke nje na kuuzunguka uwanja mzima. Mshahara wetu wa walimu nao nadhani umepotea kwenye mzunguko huo. Wazazi wa wanafunzi wanatulipa maharagi, na jioni natengeneza redio za watu kama baba alivyonifundisha. Kwa hiyo usihangaike.

Sasa nikuambie habari ya kaseti, maana najua hapo tu ndipo unapotaka nifike.

Nilipokuomba useme maneno kwenye kaseti, sikukueleza sababu yote. Niliogopa utajifunga kitambaa na kuanza safari kwa miguu. Nilikuandikia tu kwamba kuna binti. Ukweli ni kwamba Mzee Kasereka, baba yake, alikuwa amekataa kabisa kuzungumza nami. Si kwamba hanipendi. Mzee huyu ni mfanyabiashara wa kahawa na maharagi, mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na kila nikifika kwake ananipa kiti. Lakini siku nilipotaja ndoa alinitazama kutoka kiatu mpaka kichwa.

"Mwalimu, we ni mutu muzuri," akasema. "Mais sitaongea maneno ya ndoa na mutu moja. Huku ni famille inaongea na famille. Mama yako iko wapi? Baba yako mukubwa iko wapi? Ao uliota mu shamba sawa muhogo?"

Nikamweleza habari ya vita, ya njia, ya baba kufariki. Akanipa pole ya kweli kutoka moyoni, akaniongezea chai, na jibu likabaki lile lile. Nikajaribu kumpeleka mkuu wetu wa shule asimame kama ndugu yangu. Mzee akamuuliza jina la bibi yangu mzaa mama, na mkuu wa shule akakohoa mpaka tukaaga.

Ndipo nikasema: mama hawezi kuja, lakini naweza kuleta sauti yake. Mzee akafikiri sana. Akasema neno kama hilo hawezi kuliamua yeye, lazima aulizwe kaka yake mkubwa, Mzee Paluku wa Kipese. Hapa nikufundishe kitu, mama, maana utakuwa na wakwe Wanande. Huku mtoto wa kiume hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Ukiita "Kambale!" sokoni, nusu ya soko inageuka na nusu nyingine inakwambia amepita sasa hivi. Uzuri wake ni kwamba hakuna haja ya kuuliza nani ataanza kusema. Paluku husema kwanza, na akishasema, wadogo zake wanakubali. Hawabishani naye hata akisema mvua inanyesha na jua linawaka.

Jibu likashuka kutoka Kipese pamoja na gunia la viazi: Mzee Paluku amekubali kuja kusikiliza, lakini sauti itoke wazi. "Sitaki kusikia mama ya mutu anaongea ndani ya maji."

Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu chaîne ya muziki ya Mzee Kasereka, ambayo ndiyo fahari ya mtaa, ilikuwa inanguruma. Hata kwaya ya kanisa ukiiweka humo ilitoka kama lori linalopanda mlima. Ndoa yangu yote ikawa inaning'inia kwenye ampli mbovu. Nilicheka, halafu nikashindwa kulala.

Nikaifungua. Ubaya ulikuwa kwenye condensateur, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya mashine, ambavyo baba alikuwa anatukataza kuvishika. Vile vikubwa vya kutuliza umeme vilikuwa vimekauka kabisa. Vipo pia vidogo viwili vya kupitisha sauti, kimoja kwa upande wa kushoto na kimoja kwa upande wa kuume, navyo vilikuwa vimechoka. Parokia wana televisheni iliyokufa tangu zamani, wanaifunika kitambaa na kuiwekea maua. Padri akaniruhusu nitoe nilichotaka ndani yake, mradi niyarudishe maua.

Mimi nikaona kazi imebaki kuchomelea tu. Lakini Mzee Kasereka hajui kufanya kitu nusu. Rafiki yake mmoja wa biashara, anayekwenda Dubai kununua vitambaa, alikuwa amemwambia kwamba kuna condensateur za wakubwa, za rangi ya dhahabu, ukiziweka unamsikia mpiga gitaa akikuna kidevu. Akaagiza mbili, za kupitisha sauti. Zikafika Beni, kwenye depo ya huyo rafiki, nami ndiye niliyetumwa kuzichukua kwa kuwa mimi peke yangu ningezijua kwa sura.

Nilikwenda nikiwa juu ya magunia ya chumvi na nikarudi juu ya magunia ya mchele, kwa hiyo huwezi kusema sikupanda cheo. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi, askari mmoja akanipekua mfukoni na kutoa kile kiboksi cha Dubai. Akavitazama vile vitu viwili vinavyong'aa, vinene kama kidole gumba, na waya kila upande. Akarudi nyuma hatua nzima.

"Oyo nini?"

"Condensateur, chef."

"Condensateur ya bombe?"

Nikasema ni ya muziki. Hakuna aliyeniamini, hata wale niliokaa nao juu ya mchele wakaanza kusogea taratibu. Akaitwa mkubwa wao, adjudant. Alikuwa mtu mzito, ametoka mbali kama mimi, na shingoni amening'iniza redio iliyofungwa mpira. Akaishika moja, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Nazoyoka eloko te," akasema. Hasikii kitu.

"Peke yake haiimbe, chef. Lazima iingie mu ampli."

"Kumbe unaniambia umetoka Butembo mpaka Beni juu ya kitu hakiimbe?"

Mama! Ilikuwa ndiyo hoja yangu mwenyewe tangu mwanzo! Akanitupia redio yake: kama kweli mimi ni fundi, aisikie. Chuma cha betri kilikuwa na kutu tu. Nikakikwangua kwa kucha, nikakaza kwa karatasi ya sigara, na Lingala likatoka la kucheza. Adjudant akacheza hatua kadhaa na bunduki mgongoni, akanirudishia dhahabu yangu, akaniambia nimwambie mkwe wangu kwamba kwa jeshi karatasi ya sigara inatosha.

Nilipofika Butembo nikafanya kosa la kumfikishia Mzee Kasereka ujumbe huo kama ulivyo. Si hivyo tu, nikaongeza la kwangu. Nilikuwa nimechoka, nina mchele mpaka ndani ya soksi, nikasema mbele ya watu: "Mzee, hizi na zile za televisheni ya padri, sikio ya mutu haitajua tofauti. Ni franga za kutupa mu muto."

Kavira, ndiye binti mwenyewe, aliyekuwa anashona mlangoni, akasimamisha cherehani. Sikio langu lilisikia tofauti hiyo vizuri sana.

Mzee Kasereka akajibu polepole. "Donc mimi ni mupumbafu."

"Hapana, mzee, minasema tu..."

"Hapana, umesema. Sasa sikia. Tutajaribu. Kama za Dubai zinapita zile za padri, juu ya mbuzi zote za mahari utaongeza mbuzi moja ya mudomo. Na kama hazipite, mimi minapunguza moja."

Nikataka kukataa, lakini Kavira akaingilia kutoka mlangoni, bila hata kuinua macho kwenye nguo yake. Akasema mashine ina pande mbili na baffle mbili, yale masanduku ya sauti. Basi condensateur ya Dubai iwekwe upande mmoja, ya padri upande mwingine, na mwenye kujua awe fundi tu. Halafu siku ya kumsikiliza mama yake mwalimu, wakubwa waseme wenyewe baffle gani inasema vizuri. Baba yake akafurahi. Mimi nikaona ni haki kabisa, kwa sababu kaseti yako, mama, ilirekodiwa kwa ile mashine ya jirani yenye sikio moja, kwa hiyo baffle zote mbili zingesema neno lile lile kwa wakati ule ule. Hata baba angeukubali mtihani huo.

Nikachomelea mchana, chuma kikipashwa kwenye mkaa, Kavira akinishikia kioo cha kurudisha jua ndani ya mashine. Ya Dubai nikaiweka kuume. Ya padri kushoto. Zile kubwa za kutuliza umeme zilikuwa za padri zote, na mngurumo ukaisha pale pale. Sikutaja jambo hilo. Mdomo wangu ulikuwa tayari na mbuzi wake.

Siku ikafika. Mama, nilivaa koti la baba. Sebule ilijaa: Mzee Paluku, kofia mkononi, uso kama mti wa zamani, baba Kambale, ndugu yao wa pili, wajomba, mama yake Kavira na dada zake wakipitisha kasiksi, ile pombe yao ya ndizi. Kavira mwenyewe ndiye aliyemkalisha baba yake mkubwa, akakisogeza kiti, akakisogeza tena, akamwekea kikombe. Kisha akaingia jikoni, maana binti hakai sebuleni anapozungumzwa. Groupe, jenereta yao, ikawashwa nje. Nikabonyeza kaseti. Mara ya kwanza nilikosea kitufe.

Kwanza ukatoka upepo. Kisha jogoo wa kwetu, mpumbavu yule yule. Kisha Yaya Georgette akiuliza, "Imeanza? Inazunguka?" Halafu wewe. Ulikohoa, ukasema: "Hodi kwenye nyumba yenu."

Sikuwa nimekusikia tangu nilipoondoka. Nikaangalia chini.

Na Mzee Paluku akajibu: "Karibu, mama." Akageuka kwa hasira kidogo. "Mama anasimama. Mumupatie kiti."

Watu wakatazamana, lakini Paluku amesema. Kiti kikaletwa, kikawekwa katikati ya baffle mbili, na mama yake Kavira, kwa adabu, akaweka kikombe cha kasiksi juu yake. Kwa hiyo ujue kwamba ulikalishwa na ukanyweshwa.

Ukaendelea. Ukawasalimu wakubwa, ukamtaja baba, ukamtaja bibi yako mpaka na mto aliozaliwa kando yake, na baba Kambale akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpaka hapo nilikuwa najivuna. Kisha ukanigeukia mimi. Mama! Ilikuwa lazima useme habari za kuogopa bata? Na ile ya "akisema ana homa, msimwamini, anataka uji wa sukari"? Wajomba walicheka mpaka kasiksi ikawatoka puani. Mzee Kasereka alipangusa macho. Mimi nilitafuta pa kujificha ndani ya koti la baba, na nafasi haikutosha.

Baada ya kicheko ukasema lile ambalo sitalisahau. "Anselme hajaniandikia jina la huyo binti, kichwa chake kigumu. Binti yangu, uko hapo? Unaitwa nani?"

Ukanyamaza. Sijui ulikuwa unafikiri nini pale kwetu Lubumbashi, Katuba, mbele ya mashine ya jirani, lakini ulinyamaza kweli, kama mtu anayengoja. Jogoo naye alinyamaza. Sebule nzima ikakitazama kile kiti.

"Naitwa Kavira, mama."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyemwita. Naye, nafikiri, hakujua kwamba amejibu mpaka alipojisikia.

Na wewe ukasema: "Eeh. Ni jina zuri."

Mama, ulijuaje? Kama angekuwa na jina baya? Nyumba ililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mjomba mmoja akapiga msalaba, mtu akakimbia nje kuwaambia majirani kwamba mama wa mwalimu ameongea na Kavira kutoka Katanga. Mzee Paluku akainua mkono, wakatulia.

"Mutoto ameulizwa, mutoto amejibu. Famille imeongea na famille. Sasa mulete maneno ya mbuzi."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke.

Lakini usidhani Mzee Kasereka alisahau. Alikohoa, akauliza kwa heshima kaka yake amesikia baffle gani inasema vizuri. Mzee Paluku hakufikiri hata kidogo.

"Ya kushoto. Kushoto mama alikuwa anaongea na mimi. Kuume kulikuwa kunanyamaza tu."

Baba Kambale akasema naam, kushoto, hata yeye alishangaa. Wajomba wakasema kushoto. Mmoja aliyekuwa nje na groupe muda wote akasema huko nje pia ilikuwa ni kushoto. Mzee Kasereka, mzaliwa wa tatu, akafungua mdomo, akamtazama kaka yake, akaufunga. "Kushoto," akasema, kwa sauti ya mtu anayezika. Nikawaambia ukweli: kushoto ni ya padri. Mbuzi mmoja akatolewa kwenye mahari, na sikuthubutu kutabasamu.

Baadaye, tukiosha vikombe, nikaanza kumweleza Kavira kwa nini condensateur ya bei kali haiwezi kushinda ya kawaida iliyo nzima. Aliniacha nimalize.

"Baba mukubwa hasikiaka na sikio ya kuume," akasema. "Tangu zamani."

Nikakumbuka kiti cha Mzee Paluku kilivyosogezwa mara mbili. Nikakumbuka nani alikuwa amenishikia kioo. Nikamuuliza kama amefanya hivyo kwa ajili ya mbuzi. Akasema hapana, amefanya hivyo ili nisishindwe mbele ya wajomba zake, mbuzi amejiongeza mwenyewe. Mama, namwogopa kidogo, na nampenda sana.

Kesho yake Mzee Kasereka aliniita tukiwa wawili tu. Tukaweka kwaya, tukahama kiti kwa kiti, kushoto, kuume, tukifumba macho. Mwisho akaniuliza, "Sema kweli, mwalimu. Unasikia nini?"

"Kweli, mzee, minasikia sawa sawa."

Akapumua. "Mimi pia. Mais ni kitu ya muzuri, hapana?" Nikakubali, maana kweli ni kitu kizuri. Basi akaniamuru nitoe kifuniko cha ampli na nihamishe ya Dubai mbele kidogo, mahali wageni watakapoiona. Ya pili, ambayo haikutumika, ameiweka kwenye kabati la vioo karibu na Bikira Maria.

Msalimie Yaya Georgette, mwambie sauti yake ya "inazunguka?" sasa inaigwa na watoto wa mtaa mzima. Msalimie mdogo wangu Sylvain, aache kuvuta waya za watu. Msalimie mjomba Kabwe, ambaye ndiye angesimama hapa mahali pa baba. Mwambie kiti chake kilikaliwa vizuri na sauti yako. Jirani mwenye mashine mpe asante yangu, na mwombe asiiuze bado.

Kwa sababu kaseti inarudi kwako, na upande wa pili tumeujaza. Utawasikia wazee wakikusalimu kwa zamu, Paluku kwanza. Mashine ya jirani ina baffle moja, kwa hiyo hamtakuwa na ugomvi. Mwishoni kabisa yuko Kavira. Anakuuliza: "Mama, siku moja huyu mutu akisema iko na homa ya kweli, nitajua namna gani?" Kisha ameacha nafasi, kama wewe ulivyomwachia. Alikaa mbele ya mashine akingoja, na hakutuacha tuizime.

Mjibu, mama, kwa sauti. Mimi ndiye nitakayeugua mikononi mwake.

Mwanao wa huku baridini,
Anselme